Chetezo Nilichokiosha

Mama alipogawa vitu vyake, akiwa bado mzima na ulimi wake mkali kama kawaida, mdogo wangu alipewa dhahabu na mimi nikapewa chetezo. Mdogo wangu alinuna siku mbili kwa sababu alikitaka chetezo. Mimi nilinuna kimoyomoyo kwa sababu niliitaka dhahabu. Mama alitueleza mara moja tu: "Huyu mdogo hakaliki. Leo yuko huku, kesho kule. Dhahabu inajua kusafiri, kauri haijui. Na huyu mkubwa, mwache pahala Jumatatu, rudi Jumatatu ya pili, utamkuta papo hapo na kikombe chake cha chai."

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyopata kunipa mbele ya watu, nami nikaitunza kama cheti. Cheti changu cha kweli, cha kidato cha nne, kimo ndani ya bahasha na hakuna mtu aliyewahi kuniomba nikitoe. Cha mama, yaani chetezo, kilikaa sebuleni kwangu Carrollton, juu ya meza ya pembeni, cheupe chenye michoro ya buluu, miguu mitatu na masikio mawili, na wageni walipokisifu nilijiona nimesifiwa mimi. Kwamba kauri hiyo isiyojua kusafiri ilitoka Uchina ikafika Unguja kwa njia ambayo hakuna kwetu aliyeijua, kisha ikatoka Unguja ikafika Texas ndani ya begi langu la mkononi, ni jambo ambalo sikuona sababu ya kumkumbusha mama.

Kilikuwa na jeraha la zamani. Ufa mrefu ulishuka kutoka mdomoni mpaka tumboni, na fundi fulani, kabla mama hajazaliwa, aliushika kwa pini nne fupi za shaba, zimelala mfululizo kama nyuzi kwenye goti la mtoto mtundu. Upande wa pili, uliokuwa mzima, palichorwa mzee mwenye bakora na kofia pana akivuka daraja, na kijumba upande mmoja wa daraja hilo. Utotoni mimi na mdogo wangu tuligombana sana juu ya mzee huyo. Mdogo wangu alishikilia kwamba anaondoka. Mimi nilisema anarudi kwake. Mama, aliyechoka kutusikiliza, alisema amesimama tu, anapumzika, na sisi pia tumpumzishe.

Siku nilipoondoka Unguja mama alikifunga mwenyewe. Ndani yake alitia kifuko cha kitambaa kilichojaa majivu. Nilipofungua Carrollton nikadhani ni ujanja wa kufungia, kama wenye maduka wanavyojaza makaratasi kwenye masanduku ili vitu visigongane. Nikayamimina ndani ya chetezo kwa sababu humo ndimo nilimoyaona siku zote, na kwa sababu sikujua pa kuyatupa. Tangu hapo nikawa naweka makaa juu yake bila kuyafikiria, kama mtu asivyolifikiria godoro analolalia.

Sasa, mwaka huu, siku mbili kabla ya Idi Ndogo, nikashikwa na usafi. Mtu wa ndani kama mimi hushikwa na usafi kama wengine wanavyoshikwa na homa. Nilivua mapazia, nikaosha vifuniko vya taa, mwishowe nikamwona mzee wangu wa daraja amefifia kwa masizi. Nikakipeleka chetezo jikoni. Majivu yaligoma kutoka, yalikuwa yameganda chini kama keki iliyosahauliwa. Nikayakwangua kwa kijiko, nikayamwaga kwenye sinki, nikafungulia maji, nikawasha na ile mashine ya kusagia makombo iliyomo ndani ya bomba. Ikanguruma, ikakohoa, ikameza. Kisha nikaisugua kauri kwa sabuni ya vyombo mpaka ndani kukawa kama bakuli la mgeni. Nilijipongeza kwa kikombe cha chai.

Asubuhi ya Idi nikawasha kidonge cha makaa, vile vya duara vinavyoshika kwa kiberiti kimoja vikirusha cheche, nikakilaza moja kwa moja juu ya kauri tupu, nikatia udi. Mume wangu alikuwa chumbani anavaa kanzu. Kwanza ulikuja moshi mzuri. Kisha ikaja sauti ndogo, tak, kama ya kijiti kinachovunjwa, na mguu mmoja ukaondoka na kipande cha tumbo ukubwa wa kiganja cha mtoto. Chetezo kikainama, makaa yakabingirika mpaka kwenye zulia, na kengele ya moshi ikaanza kulia. Kila nyumba ya Waswahili ninayoijua huku ina kofia ya plastiki ya kuogea ambayo haijapata kuona kichwa cha mtu. Ni ya kuvalisha kengele ya moshi siku za udi. Yangu ilikuwa imefuliwa pamoja na mapazia.

"Tunaungua?" mume wangu akauliza kutoka chumbani.

"Hatuungui. Tunasherehekea."

Nilinunua gundi ya mirija miwili, ile inayochanganywa kwanza kwenye kikaratasi. Nilishikilia mguu mahali pake mpaka vidole vikafa ganzi. Ukashika. Ila sikuuweka sawasawa. Ufa mpya ulipita katikati ya daraja, na vipande viwili vya daraja vikapishana kwa unywele mmoja, hivyo kwamba mzee wangu akipiga hatua moja zaidi atajikwaa. Nilipomaliza ndipo nikasoma maelezo nyuma ya pakiti. Mimi husoma maelezo baada ya kazi. Yalisema, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, kwamba gundi ile haifai kwa chombo chochote cha motoni.

Nikajiambia si kitu. Kitakaa mezani, kitatazamwa. Siku tano baadaye mdogo wangu akapiga simu kutoka Stafford, huko Houston: binti yake anaolewa.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo usingizi wangu ulipoishia. Kwetu, nguo za bi harusi hufukizwa udi siku mbili kabla ya harusi. Hutandazwa juu ya tenga lililofumwa kwa fito, chetezo kikawekwa chini yake, na moshi ukapanda kidogo kidogo mpaka kila uzi unukie. Bibi yetu alifukiziwa kwa chetezo kile. Mama pia, mimi pia, mdogo wangu pia. Mimi nimezaa wanaume watupu, ambao hawajafukizwa kwa kitu chochote isipokuwa marashi ya kwenye kopo. Basi binti wa mdogo wangu ndiye bi harusi wa kwanza tangu mama atutoke, na chetezo kilikuwa kwangu, mwanamke asiyetoka, ambaye kwake vitu havivunjiki.

"Chetezo cha mama kizima?" mdogo wangu akauliza.

"Kipo."

"Dada, nimeuliza kizima."

"Kina pini zake nne kama ulivyokiacha."

Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliokaa upande wa pili wa chetezo.

Akawa anapiga kila siku, simu ya picha, na kila siku mwishoni lazima aseme: "Hebu nionyeshe nikione." Nami nilielekeza simu upande wa pini. Nikajifunza kusogea kama mpiga picha. Akitaka kumwona mzee wa daraja nasema mwanga wa dirishani mbaya, au chai inachemka, au mlango unabishwa. Mlango wangu haujapata kubishwa mara nyingi namna ile. Nadhani mdogo wangu aliamini nimepata marafiki.

Kukaa kukanishinda. Mimi, ambaye kiti changu cha sebuleni kimechukua umbo langu hata mgeni akikikalia hujiona amemkalia mtu, nilikuwa nainuka kila baada ya dakika tano. Naenda kukitazama chetezo. Nagusa mguu. Narudi. Nafika jikoni nasahau nilichofuata, nageuka, nagusa mguu. Mume wangu, ambaye hufanya kazi kwenye ghala Grand Prairie na hutembea kutwa nzima kazini, alinitazama siku moja kutoka kwenye kochi.

"Leo umefika wapi?"

"Jikoni."

"Kwa hatua hizo ungekuwa umeshafika Oklahoma."

Yeye alijua kila kitu. Ushauri wake ulikuwa mmoja: "Mwambie mdogo wako." Ni ushauri mzuri, na ndiyo maana sikuutaka. Nilikwenda badala yake kwa jirani yangu, mama wa makamo kutoka Taiwan, ambaye Kiingereza chake na changu vinalingana kwa udhaifu, ndiyo maana tunaelewana. Nilitumaini atajua namna kwao wanavyotengeneza kauri inayoingia motoni. Alikipokea chetezo kwa mikono miwili, akautazama mguu wa gundi, akasikitika kwa adabu. Kisha akatia kidole ndani, akakipitisha chini kabisa, akakitoa, akakitazama. Akakisugua kwa dole gumba, kama mtu anayetafuta vumbi asilione. Akaniangalia na kuuliza kitu ambacho sikukielewa.

"Ndiyo," nikamwambia kwa fahari. "Nimekiosha mwenyewe."

Akanirudishia polepole sana.

Nguo zilitakiwa kufukizwa Alhamisi. Mume wangu asingepata ruhusa kazini mpaka Ijumaa jioni. Kwa hiyo chetezo kilitakiwa kuendeshwa mpaka Houston, saa nne za barabara, na mwendeshaji niwe mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote nikiwa peke yangu ni kwenda kwa daktari wa meno.

"Ningekuwa mimi," mume wangu akasema usiku wa kuamkia safari, huku akinijazia upepo kwenye matairi, "ningetaka hilo gari liharibike."

"Nimeomba. Limekataa."

Nilikifunga chetezo kwa kanga tatu, nikakitia ndani ya sanduku la viatu vya mvua, nikaliweka sanduku kiti cha mbele, nikalifunga mkanda. Nikatoka Carrollton saa moja asubuhi, nikaingia barabara ya arobaini na tano, nikakaa mstari wa kulia kabisa nyuma ya lori moja la jokofu. Nililipenda lile lori. Kila mtu wa Texas alinipita na kunitazama dirishani kuhakikisha kama niko hai. Kila barabara iliposhtuka, mimi nilisema "pole", sijui kwa nani. Corsicana nikasimama, nikafungua sanduku, nikagusa mguu. Nilipotoka lori langu lilikuwa limekwenda, na nilijisikia nimefiwa. Huntsville nikasimama tena. Nilitumia saa sita na nusu kwa safari ya saa nne, na katika saa hizo zote nilitunga maneno ya kumwambia mdogo wangu. Nilipokuwa nyuma ya lori yalikuwa mazuri sana.

"Umefika kweli," mdogo wangu akasema mlangoni. "Mimi nilijua utageuza Corsicana."

"Nilifikiria."

Akanikumbatia pamoja na sanduku. Kengele ya moshi ya sebuleni kwake ilikuwa imeshavaa kofia yake, ya rangi ya waridi. Tenga lilikuwa katikati ya chumba, na juu yake limetandazwa gauni jeupe, na kanga za doti zilizokunjuliwa, na shela. Bi harusi alikuwa amepiga magoti anaweka pindo vizuri. Kwenye kochi alikaa mama mdogo, dada yake mama wa mwisho kuzaliwa, aliyeletwa kutoka Unguja kwa harusi hii, ana miaka inayozidi themanini na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Huyu ndiye asiyetoka?" akauliza.

"Ndiye, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa. Kutotoka kunanenepesha. Lete chetezo."

Sikuleta mara moja. Nilikifungua, nikakiweka mezani, upande wa pini mbele. Mdogo wangu akakichukua kukiweka chini ya tenga. Nikamwambia hapo pana upepo wa feni, nikakisogeza. Akazima feni. Nikasema zulia litaungua, nikakisogeza tena. Akaleta kigae. Nikasema labda tungoje nipumzike kwanza safari. Mdogo wangu akanitazama.

"Dada, una nini leo? Hata mimi sihangaiki hivyo."

Wakati huo mama mdogo alishainuka. Alikiinamia chetezo, akatia kidole ndani, akakipitisha chini kabisa, akakitoa, akakitazama. Akakisugua kwa dole gumba. Mkono ule nilishauona, kwa jirani yangu, ukiwa wa mwanamke mwingine kabisa.

"Majivu yako wapi?"

"Majivu?"

"Ya mama yako. Yaliyokuwa ya bibi yako. Kauri hailaliwi na moto bila majivu, inapasuka. Na ya humu hayamwagwi, huongezewa tu." Kisha uso wake ukalainika, akajijibu mwenyewe: "Aa. Umeyatia kifukoni yasimwagike njiani, kama mama yako alivyofanya. Una akili kuliko unavyoonekana. Haya, yalete."

Mlango ule wa kukwepea aliufungua yeye, mimi sikuugusa. Ningesema tu nimeyasahau Carrollton. Wangenitania wiki nzima na basi. Mguu nao ungeachia wenyewe mbele ya macho yao, na lawama ingekuwa ya makaa. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Mdogo wangu alikuwa amesimama jikoni na koleo mkononi, kidonge cha makaa kimeshashika, chekundu pande zote. Bi harusi alikuwa bado amepiga magoti, shavu lake karibu na gauni, anang'oa uzi uliojitokeza.

"Nimeyamwaga," nikasema. "Nilikiosha. Na kimevunjika mguu, nimeugandisha kwa gundi isiyotaka moto. Usikitie makaa."

Nikakigeuza chetezo, wakaliona daraja.

"Lini?" mdogo wangu akauliza.

"Idi."

"Idi hii? Kabla sijakupigia simu?"

"Kabla."

"Kila siku nakuuliza, dada. Kila siku unanionyesha pini."

"Upande ule ndio uliokuwa na mwanga."

Niliposema hivyo nilidhani atacheka. Tumezoeana kwa mizaha maisha yetu yote, hata siku ya mazishi ya mama alinikanyaga mguu makusudi ili nisilie kwa sauti mbaya. Hakucheka. Alitoka na koleo lake kwenda nyuma ya nyumba, kidonge mbele yake, kama mtu anayetoa nyoka nje.

"Uliyamwaga wapi?" mama mdogo akauliza.

"Kwenye sinki."

"Sinki," akasema, akarudi kochini, akakaa.

Bi harusi akatuhurumia. "Mama mkubwa, it's okay. Usi-stress. Kuna ya umeme, rafiki yangu anayo, una-plug tu."

Mama mdogo akamtazama mjukuu wake kama aliyependekeza nguo zifukizwe kwa kikaushio cha nywele.

Nilimfuata mdogo wangu nje. Shemeji ana tanki la chuma nyuma ya nyumba, ambamo huchomea nyama kwa moshi wa kuni kutwa nzima. Tangu wahamie huku amekuwa Mtexas kwa jambo hilo moja. Siku ile lilikuwa limepoa. Mdogo wangu alitupa kidonge ndani yake na kusimama akikitazama.

"Mama alikupa wewe kwa sababu hutoki," akasema.

"Najua."

"Hujui. Ile dhahabu niliiuza nije huku. Yote. Sina hata kipini cha mama cha kumvika mwanangu. Nikajiambia si neno, kwa dada kuna chetezo, chetezo kikitumika itakuwa mama amefika. Nimemwambia hivyo mwanangu tangu mdogo. Bibi yako atakuja kwa moshi." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kuvunja hata mimi ningevunja. Mimi ningevunja mwezi wa kwanza. Lakini ulinigeuzia upande."

Nilisimama tu, miguu ikinitaka niende mahali, sikujua wapi.

Mlango wa nyuma ukafunguka, mama mdogo akatoka na sufuria kubwa la pilau kwapani na chetezo mkono wa pili. Akachungulia ndani ya tanki la shemeji.

"Humu huchomwa nini?"

"Nyama, mama mdogo."

"Kuni za mti gani?"

Mdogo wangu akamwita mumewe. Shemeji akaja amefurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza. "Mwaloni, mama. Mwaloni mtupu, si makaa ya duka."

Mama mdogo akachota majivu kwa kiganja, akayasugua, akayanusa. "Chekecha," akaniambia. Nikapiga magoti nyuma ya nyumba ya watu na chekeche la unga, nikachekecha majivu ya nyama ya Texas, huku mama mdogo amekaa kwenye kiti cha plastiki, amechomoa pini ya nywele zake, anakwangua kwa ndani, chini ya mdomo wa chetezo, mahali ambapo sponji langu halikupinda kufika. Akakwangua kwa muda mrefu. Mwisho akanionyesha kiganja: punje chache nyeusi, hazijai hata kijiko cha chumvi.

"Sinki halikupata yote," akasema.

Akazimimina ndani ya majivu ya shemeji na kuyakoroga kwa kidole, kama mtu anayetia chachu kwenye unga wa maandazi. Kisha akajaza majivu ndani ya sufuria, akakizamisha chetezo mpaka tumboni ili miguu isibebe kitu, akajaza na ndani ya chetezo, tabaka nene, akalisawazisha. Mzee wa daraja akazama mpaka magotini.

"Wewe," akaniambia tuliporudi ndani, "kaa hapo na uchunge. Si ndiyo kazi unayoiweza?"

Nikakaa sakafuni kando ya tenga. Mdogo wangu akaweka makaa mapya bila kunitazama, akatia udi, na moshi ukapanda. Nilikaa alasiri nzima, wengine wakienda na kurudi. Kila moshi ulipopinda niliinuka nusu nikarudi. Kila nusu saa nilipitisha mkono ndani ya majivu ya chini kuhisi joto. Mara ya tano niliugusa mguu wa gundi, ukaja mkononi wenyewe, laini, kama jino la mtoto. Nikautia mfukoni na sikumwambia mtu mpaka nguo zilipokunjwa. Kisha nikamwambia mdogo wangu. Nilishaona namna kutosema kunavyokwenda.

Bi harusi alilivaa shela lake kichwani, akavuta pumzi.

"Nanukia udi," akasema. "Halafu chini yake nanukia barbecue."

"Utanukia hivyo hivyo," mama mdogo akamwambia. "Mume wako ni mtu wa huku, ataipenda."

Ndipo mdogo wangu akacheka, kidogo, kwa pua. Alikuwa ameushika ukingo wa shela na uso ameuficha humo, kwa hiyo sijui alicheka mpaka lini.

Harusi ilipita vizuri na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mama mdogo alinitambulisha kwa wageni wote kwa namna moja: "Huyu ndiye mkubwa. Wa sinki." Jumapili asubuhi, mume wangu akipakia gari lake, nilikwenda na sanduku langu la viatu vya mvua na kanga zangu tatu. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya sufuria.

"Hiki kinabaki," akasema.

"Mama alisema kikae kwangu."

"Mama alisema kwako hakitavunjika." Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonishinda. "Hapa kuna majivu kila wiki, shemeji yako haachi kuchoma. Ukitaka kunusa, barabara unaijua sasa."

Nilitaka kumwambia kwamba siijui, kwamba niliifuata mgongoni mwa lori. Nikampa mguu badala yake. Akautia ndani ya kifuko cha plastiki cha friza na kuuweka kwenye droo ya vijiko.

Nilirudi Carrollton nyuma ya gari la mume wangu, kiti cha mbele imefungwa mkanda ndoo ya biriani. Mezani kwangu pamebaki alama tatu za miguu kwenye rangi. Niliweka chungu cha maua juu yake, nikakitoa. Niliweka bakuli la peremende, nikalitoa. Kiti changu kimeanza kusahau umbo langu. Mume wangu anasema angalau sasa nina sababu ya kuhangaika, zamani nilikuwa nakaa bila sababu.

Nimeshakwenda Stafford mara mbili tangu hapo, peke yangu. Mara ya kwanza nilisema napeleka picha za harusi, ambazo wao ndio walionitumia. Mara ya pili nilisema narudisha ndoo.

"Umekuja kunusa," mdogo wangu akasema mlangoni.

"Nimeleta ndoo."

Chetezo kiko sebuleni kwake ndani ya sufuria lile lile, na amekielekeza kwa wageni upande wa daraja lililopishana. Alipokwenda jikoni nilikigeuza, pini zikatazama mbele. Nilipotoka kunawa mikono nikakuta kimegeuzwa tena, na makaa yameshawekwa, na yeye amekaa anatazama simu yake kama hakuna aliyegusa kitu. Nilikuwa nimeshashika ufunguo wa gari, nitoke kabla foleni ya Houston haijaanza. Nikaurudisha mkobani, nikakaa.